Mjue Mendeleev: Mtu Aliyeacha Nafasi Wazi

Natumai mitihani ya muhula haijawamaliza. Safari hii nimepewa ukurasa wa kumtambulisha mtu maarufu wa zamani, na nimemchagua Dmitri Mendeleev, yule Mrusi aliyetupangia jedwali la elementi. Najua wengine mshaanza kufunua ukurasa wa pili. Subirini kidogo jamani, hata mimi nilikuwa namkimbia hivyo hivyo.

Kilichonirudisha kwake ni Manfuha. Mlioko Riyadh mnaujua mtaa ule wa kusini ya mji: vichochoro vyembamba, majengo ya zamani, maduka ya Wahabeshi, na kila kona unasikia lugha ya kwetu au ya jirani zetu. Kila Ijumaa baada ya Alasiri nilikuwa nakwenda kule kumfundisha kemia binti wa mama mmoja, ambaye sisi wanafunzi tunamwita Mama tu, maana ndiye anayetupikia wali wa nazi tukizidiwa na upweke. Binti alikuwa amekosa shule miaka 2 kwa mambo ya karatasi, na sasa anajiandaa kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Elementi 20 za mwanzo alizikariri kama wimbo, lakini ukimuuliza kwa nini sodiamu iko chini ya lithiamu, kimya. Siku moja akafunga daftari, akaniambia kaka basi, mapengo yangu ni mengi mno, hayazibiki.

Sikuwa na jibu. Na aibu yangu ni kwamba mimi mwenyewe nilifeli kemia mwaka wa maandalizi, kwa sababu mapengo yangu niliyaficha. Mwalimu akiuliza kama tumeelewa, natikisa kichwa na wenzangu. Basi niliporudi bwenini nikaanza kusoma maisha ya huyu mzee, na Ijumaa iliyofuata nikamsimulia binti. Ndiyo haya nawasimulia na nyinyi.

Mendeleev alizaliwa Februari 1834 katika mji wa Tobolsk, Siberia, mbali kabisa na miji mikubwa ya Urusi. Alikuwa kitinda mimba katika familia kubwa. Baba yake, Ivan, alikuwa mkuu wa shule, lakini mwaka ule ule aliozaliwa Dmitri akapofuka macho na kazi ikaishia hapo. Mzigo wote ukamwangukia mama, Bi Maria, aliyeshika kiwanda cha vioo cha ukoo wake ili watoto wale. Mwaka 1847 baba akafariki. Mwaka uliofuata kiwanda kikaungua moto.

Hapo mtu mwingine angesema yaliyobaki ni ya Mungu. Bi Maria yeye akafungasha. Mwaka 1849 akamchukua kitinda mimba wake pamoja na dada yake Liza, wakasafiri kwa magari ya farasi karibu kilomita 2,000 mpaka Moscow kutafuta chuo. Chuo kikamkataa, kwa sababu mtoto hakutoka katika wilaya yake ya elimu. Unaona? Mambo ya karatasi hayakuanza leo. Wakaendelea mpaka St. Petersburg, na mwaka 1850 Dmitri akapokelewa katika chuo cha ualimu alichosoma baba yake. Mwaka huo huo mama akafariki, na haukupita muda Liza naye akafuata. Kijana akabaki peke yake mjini, afya mbovu, madaktari wakidhani ana kifua kikuu. Mwaka 1855 akahitimu kwa medali ya dhahabu. Miaka mingi baadaye, mwaka 1887, alipotoa kitabu kuhusu miyeyusho ya maji, alikitoa kwa kumbukumbu ya mama yake. Nilipofika hapa, Mama aliyekuwa anachambua mchele pembeni akaacha kuchambua.

Baada ya kufundisha kidogo kusini, kwenye hali ya hewa nzuri, akapata nafasi ya kwenda Heidelberg, Ujerumani, kuanzia 1859 hadi 1861. Yaani na yeye alikuwa mwanafunzi wa ughaibuni kama sisi. Akiwa huko alihudhuria mkutano mkubwa wa wanakemia mjini Karlsruhe mwaka 1860. Wakati ule kila mtu alikuwa na hesabu yake ya uzito wa atomi, vurugu tupu. Mwitaliano Cannizzaro akaonyesha njia ya kupata uzito mmoja unaokubalika. Wengi walirudi makwao na makaratasi. Mendeleev alirudi na hesabu kichwani.

Mwaka 1867 akawa profesa wa kemia St. Petersburg. Alipotafuta kitabu cha kiada cha Kirusi cha kufundishia hakuona kinachomridhisha, akaamua kuandika chake. Juzuu ya kwanza ikajaa kwa elementi chache tu, na wakati huo zilizojulikana zilikuwa 63. Sasa zilizobaki azipange vipi? Kwa herufi? Kwa rangi? Hilo ndilo swali lililozaa jedwali: swali la mwalimu anayetafuta namna ya kumfundisha mwanafunzi asichanganyikiwe.

Siku yenyewe ilikuwa 17 Februari 1869 kwa kalenda ya Urusi ya wakati ule, yaani 1 Machi kwa kalenda yetu. Alitakiwa asafiri kwenda kukagua viwanda vya jibini, lakini akabaki nyumbani na makaratasi yake. Alipozipanga elementi kwa kufuata uzito wa atomi, aliona tabia zinajirudia. Lithiamu, sodiamu na potasiamu zote ni laini na zote zinamenyuka zikiguswa na maji. Florini, klorini, bromini na iodini nazo ni ndugu. Mjerumani Lothar Meyer naye alikuwa anaelekea huko huko, na mwaka 1882 walipewa pamoja medali ya Davy ya Uingereza.

Sasa sikilizeni kilichomtofautisha. Mpangilio ulipokataa, Mendeleev hakuzisukuma elementi zikae kwa nguvu. Aliacha nafasi wazi. Chini ya alumini akaweka nafasi tupu, akasema hapa ipo elementi ambayo bado hatujaiona. Mwaka 1871 akazieleza tatu kwa kina: uzito wake, msongamano wake, namna zitakavyoungana na oksijeni. Watu walimwona kama mpiga ramli. Mwaka 1875 Mfaransa Lecoq de Boisbaudran akagundua galiamu, na ikaingia pale pale chini ya alumini. Msongamano aliopata ulikuwa 4.7. Mendeleev, ambaye hajawahi hata kuishika elementi hiyo, akamwandikia kwamba apime upya, inatakiwa iwe karibu 5.9. Mfaransa akaisafisha vizuri, akapima tena, ikaja 5.9! Skandiamu ikafuata 1879, na jemaniamu 1886. Galiamu, kwa taarifa yenu, inayeyuka kwenye nyuzi 30 hivi, kwa hiyo ukiiweka barazani Manfuha mwezi wa Julai itageuka maji.

Lakini kwa nini tabia zijirudie? Hilo yeye mwenyewe hakulijua, na sisi tunalijua leo kwa sababu wengine waliendelea. Kila atomi ina kiini chenye protoni na kwa kawaida neutroni, na nje yake elektroni zimekaa kwa matabaka. Sodiamu ina protoni 11, kwa hiyo elektroni 11: mbili tabaka la kwanza, nane la pili, moja la nje. Potasiamu ina 19: mbili, nane, nane, moja. Umeona? Zote zina elektroni moja nje, ndiyo maana ziko safu wima moja na tabia zao ni moja. Klorini ina 17: mbili, nane, saba. Imepungukiwa na moja. Sodiamu inayo moja ya kutoa. Zikikutana, ile moja inahama, na tunapata chumvi ya mezani. Kwa hiyo ukitazama zile elementi 20 za mwanzo, safu mlalo inakuambia matabaka mangapi, na safu wima inakuonyesha tabaka la nje lilivyojaa. Huna haja ya kuimba.

Na hapa lazima niseme ukweli, Mendeleev naye alikosea. Ugunduzi wa elektroni wa mwaka 1897 hakuupokea vizuri. Gesi ya agoni ilipogunduliwa mwaka 1894 haikuwa na pa kukaa kwenye jedwali lake, akaikataa kwanza, na baadaye ndipo akakubali kuongezwa safu wima nzima. Teluriamu aliiweka kabla ya iodini ingawa ni nzito zaidi, akidhani wapimaji wamekosea. Nafasi ilikuwa sahihi, sababu ndiyo haikuwa sahihi. Mwaka 1913 kijana wa Kiingereza, Henry Moseley, alitumia mionzi ya eksirei kuonyesha kwamba kinachopanga elementi ni idadi ya protoni wala si uzito. Ndiyo maana kobalti, ambayo ni nzito kidogo kuliko nikeli, inatangulia: ina protoni 27, nikeli 28. Moseley aliuawa vitani Gallipoli mwaka 1915, akiwa na miaka 27 tu.

Jambo moja zaidi kwa sisi wanafunzi. Mwaka 1890 wanafunzi wa St. Petersburg walipokuwa na malalamiko, Mendeleev alikubali kupeleka barua yao kwa waziri wa elimu. Barua ikarudishwa. Mzee akajiuzulu uprofesa. Kuanzia 1893 akaongoza ofisi ya mizani na vipimo ya Urusi. Mwaka 1906 aliikaribia sana Tuzo ya Nobel, ikaenda kwa Mfaransa Henri Moissan, na Februari 1907 akafariki. Elementi namba 101, iliyotengenezwa mwaka 1955, inaitwa mendeleviamu kwa heshima yake.

Nyumbani kwetu jedwali hili halikosi kazi. Kobalti ya Katanga iko kwenye betri za simu zetu, na koltani ya Kivu inatoa tantalamu, namba 73, iliyomo ndani ya simu hizo hizo. Mwaka 2016 watafiti walitangaza kuwepo kwa heliamu nyingi bonde la Rukwa, Tanzania. Nafasi zile kwenye jedwali zimejaa udongo wetu, lakini wanaozisoma bado ni wengine. Hilo ni pengo pia.

Nilipomaliza, binti hakusema kitu. Ijumaa iliyofuata nikakuta kachora jedwali lake mwenyewe kwenye karatasi ya kalenda: topiki zote za silabasi kwenye vyumba. Anazozijua kaandika, asizozijua kaacha wazi, juu ya kila chumba kitupu kaweka jina la kinachotakiwa kukaa pale. Tulihesabu, vilikuwa 14. Mbona si vingi, akasema Mama. Tukaanza na cha kwanza.

Mtihani kafanya, na kemia alipata C. Mimi nami nilirudia somo langu nikapasi, safari hii nikinyoosha mkono kila nisipoelewa, mpaka wenzangu wakanipa jina la utani ambalo siliandiki hapa.

Tukutane toleo lijalo, inshallah. Masomo mema.