Daktari Alice Hamilton na Vumbi la Risasi

Kama unasoma udaktari, kemia au uhandisi hapa ughaibuni, huenda jina la Alice Hamilton ulishalisikia darasani kwa dakika mbili, mwalimu akapita. Mimi naona mama huyu anastahili zaidi ya hapo. Hakuwa na polisi, wala mamlaka ya kumfungia mtu kiwanda. Alikuwa na miguu na masikio.

Alizaliwa New York mwaka 1869, akakulia Fort Wayne, Indiana. Mwaka 1893 akapata shahada ya udaktari University of Michigan, kisha akaenda Leipzig na Munich kuongeza elimu pamoja na dada yake Edith. Kule Ujerumani wanawake walikubaliwa kukaa darasani kwa sharti kwamba wasionekane sana. Mwaka 1897 akahamia Chicago kufundisha, akaishi Hull House, nyumba ya Jane Addams iliyokuwa katikati ya mtaa wa wahamiaji: Waitaliano, Wagiriki, Wapolandi, Wayahudi wa Urusi.

Ukikaa na watu, magonjwa yao utayajua tu. Aliwaona wanaume wenye miili ya kazi wakipauka, wakikunjwa na msokoto wa tumbo, mikono ikiwalegea hadi viganja vinaning'inia. Ilikuwa sumu ya risasi (hii si ya bunduki, ingawa nayo iliua). Uingereza na Ujerumani tayari zilikuwa na sheria na wakaguzi wa mambo hayo. Marekani matajiri wa viwanda walijibu kwamba kwao hakuna shida kama hiyo, viwanda vyao ni visafi. Nani angewabishia, wakati hakuna aliyewahi kuhesabu?

Mwaka 1910 jimbo la Illinois likampa kazi ya kuhesabu. Hapakuwa na orodha ya kuonyesha ni karakana zipi zinatumia risasi, na sheria haikumpa haki ya kuingia mahali popote. Alibisha hodi kama mgeni. Akapekua mafaili ya hospitali, akakuta mgonjwa ameandikwa sumu ya risasi lakini mahali alipokuwa akifanya kazi hapakuandikwa. Basi akaanza kuzunguka: kwa wauza dawa, kwa mapadri, kwenye vilabu vya pombe, mpaka majumbani, akiuliza swali lile lile, wewe unafanya kazi gani na wapi?

Kisa kimoja kinaonyesha jinsi alivyofanya kazi. Mpolandi mmoja mgonjwa sana alimwambia kazi yake ni kupaka enameli kwenye mabafu ya chuma, lile gamba jeupe linalong'aa kama kwenye makopo ya chai ya nyumbani kwetu. Daktari akaenda kiwandani, akaonyeshwa watu wanapaka rangi kwa brashi, hakuna risasi, mambo shwari. Mwingine angeandika ripoti akalala. Yeye akarudi kwa mgonjwa. Kumbe alichoonyeshwa ni umaliziaji tu, kazi yenyewe ilifanyika mahali pengine! Huko bafu lilitolewa tanuruni likiwa jekundu kwa moto, na wafanyakazi wakalinyunyizia unga wa enameli huku vumbi likiwafumba uso mzima. Akapata sampuli ya unga ule, ikapimwa, risasi imo, tena nyingi.

Ripoti ilipotoka ilitaja kazi 77 zilizotumia risasi na wagonjwa 578. Zilikuwemo kazi ambazo hakuna aliyezidhania, kama kufunga sigara kwa karatasi ya risasi, kung'arisha vioo na kupamba majeneza. Mwaka 1911 Illinois ikatunga sheria: waajiri walinde wafanyakazi na kuwapima kila mwezi. Serikali ya Marekani nayo ikamchukua afanye uchunguzi huo nchi nzima.

Alipenda kumwendea tajiri mwenyewe kwanza. Edward Cornish wa National Lead Company alikataa kabisa kwamba watu wake wanaumwa. Hamilton akamletea ushahidi wa wagonjwa 22, na Cornish akabadilisha viwanda vyake. Wapo watakaosema upole ule ulizidi. Sawa, lakini watu 22 huwapati kwa kupiga kelele barabarani.

Mwaka 1919 Harvard ikamwajiri, mwanamke wa kwanza kufundisha pale. Masharti sasa! Asiingie klabu ya walimu, asiandamane nao siku ya mahafali, asidai tiketi za mpira. Alistaafu mwaka 1935 na cheo kile kile alichoanza nacho.

Kuna mahali alishindwa, na hapo habari inatugusa sisi. Mei 1925, kwenye mkutano wa Washington, alipinga kutia risasi kwenye petroli, ingawa miezi michache kabla wafanyakazi watano wa New Jersey walikuwa wamekufa kwa kuitengeneza. Hawakumsikiliza. Petroli hiyo ikasambaa dunia nzima, na Afrika kusini mwa Sahara iliuzwa mpaka mwishoni mwa 2005. Yaani wengi wetu tuliokulia Dar, Nairobi au Kampala kabla ya hapo tulivuta moshi ule ule tukisubiri daladala na matatu. Nchi ya mwisho kuiacha kwa magari ilikuwa Algeria, mwaka 2021.

Hamilton alifariki Connecticut Septemba 1970, akiwa na miaka 101. Miezi mitatu baadaye, tarehe 29 Desemba, Rais Nixon alitia saini sheria iliyowapa wakaguzi wa serikali kuu haki ya kuingia sehemu za kazi nchi nzima.