Antoni Gaudí: Mwanafunzi Aliyejifunza Ubaoni na Karakanani



Kamati ya jarida letu imeniomba mwaka huu niandike maisha ya mtu mashuhuri ambaye vijana walioko shuleni hivi sasa wanaweza kupata mafunzo kutoka kwake. Nilifikiri kwanza juu ya viongozi na mashujaa, nikaona hao wamekwisha andikwa sana. Mwishowe nimemchagua msanifu majengo, Antoni Gaudí wa Hispania, aliyefariki mwaka 1926. Sababu zangu ni mbili. Ya kwanza ni ya kikazi: kwa muda mrefu serikalini nimekuwa nikipitia michoro na makisio ya majengo ya umma, na kila siku naona tofauti kati ya mchoraji anayejua ujenzi na yule anayejua karatasi tu. Sababu ya pili ni ya moyoni, nami nitaieleza mwishoni.

Gaudí alizaliwa tarehe 25 Juni 1852 katika eneo la mji wa Reus, jimbo la Catalonia, kaskazini mashariki ya Hispania. Baba yake alikuwa mfua shaba, kama walivyokuwa wazee wao. Kazi ile ilikuwa shule ya kwanza ya mtoto huyu. Baba alichukua bamba bapa la shaba, akaligonga kwa nyundo mpaka likawa chombo chenye tumbo na shingo. Hivyo kabla hajashika rula, Gaudí alikwisha ona kwa macho yake jinsi kitu bapa kinavyoweza kugeuka kuwa chombo chenye nafasi ndani yake. Afya yake haikuwa nzuri. Alisumbuliwa na baridi yabisi tangu utotoni, na mara nyingine alishindwa kutembea akabidi apandishwe punda. Wenziwe walipocheza, yeye alikaa akitazama mimea, wadudu na mawe.

Alisoma shule ya mapadre hapo Reus. Hakuwa mwanafunzi wa kutajwa katika kila somo, lakini alijulikana kwa kuchora. Mwaka 1867 yeye na wenziwe walianzisha gazeti la shule lililoitwa El Arlequín, lililoandikwa kwa mkono, nakala 12 tu kila toleo. Gaudí ndiye aliyechora picha zake. Katika kundi hilo walikuwamo rafiki zake wawili, Eduard Toda na Josep Ribera. Vijana hawa watatu walikuwa na mradi mkubwa kuliko umri wao. Si mbali na kwao kulikuwa na monasteri ya kale ya Poblet, iliyoachwa tupu tangu mwaka 1835, ikaporwa na kubomolewa, mapaa yake yakaanguka. Walikubaliana kwamba wataifufua. Wakaandika mpango mzima: nini kijengwe upya, watu gani waishi pale, na fedha zitoke wapi. Gaudí akapewa sehemu ya majengo. Kisha maisha yakawatawanya, kama yanavyotawanya wote wamalizao shule.

Mwaka 1868 Gaudí alikwenda Barcelona. Baada ya masomo ya matayarisho katika sayansi na hisabati, aliingia chuo cha usanifu majengo, ambacho kilikuwa kipya, kwani kilianza mwaka 1871. Mtu asidhani kwamba alisoma kwa raha. Baba yake aliuza mali ya ukoo ili watoto wapate elimu. Mwaka 1875 Gaudí aliitwa jeshini wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, ingawa kwa sababu ya afya yake hakufika kwenye mapigano. Mwaka 1876 kaka yake Francesc, aliyekuwa ndiyo kwanza amehitimu udaktari, alifariki akiwa na miaka 25, na mama yao akafuata mwaka huo huo. Hayo yote yalimpata akiwa na michoro ya kumaliza na mitihani ya kufanya.

Sasa tutazame michoro yenyewe, maana humo ndimo ujuzi wake ulimokuwa ukikua. Mwaka 1875 alipewa zoezi la kuchora lango la makaburi. Inasimuliwa kwamba badala ya kuanza na jengo, alianza na njia, mawingu, na watu waliokuwa wakisindikiza jeneza, akisema kwamba lango bila wafiwa halina maana. Mwalimu hakufurahi, kwa sababu mwanafunzi alitakiwa aanze na mstari wa katikati wa jengo na vipimo vyake. Nadhani kila mmoja alikuwa na haki yake. Bila vipimo hakuna jengo, lakini lango la makaburi limejengwa kwa ajili ya watu wenye majonzi, na mchoraji asiyewafikiria huchora lango la bohari.

Mwaka 1876 alichora ua wa ndani wa jengo la baraza la mkoa, na gati la kupokea wasafiri wa majini. Mwaka 1877 alichora chemchemi kubwa ya kupamba uwanja wa Plaça de Catalunya, na hospitali kuu. Ndugu msomaji, tazama jinsi mazoezi hayo yanavyotofautiana. Lango hutaka heshima, na gati hutaka kujua maji na uzito. Hospitali hutaka hewa, mwanga na njia za wagonjwa zisizogongana na njia za chakula na uchafu. Mwanafunzi anayepita katika kazi hizo zote hajifunzi kuchora nyumba nzuri tu, bali anajifunza kuuliza kila jengo linafanya kazi gani. Mchoro wake wa mwisho, wa kupatia shahada, ulikuwa wa ukumbi wa mahafali wa chuo kikuu. Aliupaka rangi za maji, akaonyesha jengo kana kwamba limekatwa kwa kisu katikati, kuba lake juu na viti chini, hata mtu asiye fundi akaweza kuelewa.

Lakini sehemu nyingine ya elimu yake haikuwa darasani. Kwa kuwa alihitaji fedha, alifanya kazi ya kuchora kwa wasanifu na wajenzi kadhaa wa Barcelona. Shajara yake ya wiki chache, kuanzia Novemba 1876, inaonyesha saa alizofanya kwa kila mwajiri. Mimi mtumishi wa ofisi nilipojua habari hiyo nilimpenda zaidi, kwa maana namwona kijana aliyefiwa, amekaa usiku akihesabu saa zake kama kibarua. Kwa Josep Fontserè alishiriki katika kazi za bustani kubwa ya Ciutadella. Pale lilihitajika tangi kubwa la maji, limekaa juu ya nguzo nyingi za matofali. Inasimuliwa kwamba hesabu za tangi lile alizifanya Gaudí, na Fontserè alipomwonyesha profesa wa somo la uimara wa vifaa, profesa akamfaulisha kijana katika somo ambalo darasani alikuwa haonekani sana. Jengo la tangi hilo lipo hadi leo, nalo limegeuzwa maktaba ya chuo kikuu. Vile vile Gaudí alikuwa akishinda katika karakana ya Eudald Puntí, walikofanya kazi mafundi wa mbao, chuma na vioo, akijifunza kwa mikono. Na katika maktaba ya chuo aliangalia sana picha za majengo ya Misri, Uhindi, Uajemi na majengo ya Waislamu wa Hispania.

Alama zake zilikuwa za kupanda na kushuka, na masomo mengine aliyarudia. Mwaka 1878 alipata shahada, si kwa kura za waalimu wote bali za walio wengi. Wanasimulia kwamba mkuu wa chuo, Elies Rogent, hakuwa na uhakika kama aliyempa cheti ni mwenye kipaji cha ajabu au ni kichaa.

Yaliyofuata dunia inayajua, nami nitayapitia kwa haraka. Kazi yake ya kwanza ya manispaa ilikuwa taa za barabarani, na baadhi yake zingali zikisimama katika uwanja wa Plaça Reial. Kwa ushirika wa wafanyakazi wa kiwanda cha nguo huko Mataró alijenga ukumbi wa matao ya mbao fupi fupi zilizofungwa kwa bolti, hivyo akaziba nafasi pana bila nguzo katikati na bila magogo makubwa ya gharama. Mwaka 1878 kabati la vioo alilolichora kwa ajili ya muuza glavu lilionyeshwa Paris, likamvutia tajiri Eusebi Güell, aliyekuja kuwa rafiki na mfadhili wake kwa miaka mingi. Hata bara letu alilifikia: mwaka 1892 alipewa kazi ya kuchora nyumba ya wamisionari wa Kifransisko huko Tangier, Moroko. Haikujengwa kamwe, lakini minara aliyoifikiria pale inafanana sana na ile aliyoisimamisha baadaye Barcelona. Mchoro uliokataliwa hautupwi.

Napenda nieleze jambo moja la kiufundi, kwa sababu vijana wa Kidato cha Pili wanaweza kulijaribu wenyewe. Funga kamba kwenye misumari miwili, iache ining'inie. Kamba huchagua yenyewe umbo ambalo kila sehemu yake inavutwa tu, haipindwi. Ukiligeuza umbo hilo juu chini, unapata tao ambalo kila sehemu yake inakandamizwa tu. Na tofali na jiwe huweza sana kustahimili kukandamizwa. Gaudí alitumia karibu miaka 10 kutengeneza kielelezo cha kanisa la kijiji cha wafanyakazi wa Güell kwa nyuzi zilizoning'inizwa darini, zimefungwa vifuko vya marisau kuwa uzito wa kuta na mapaa. Alikipiga picha, akaigeuza picha juu chini, akachora jengo juu yake. Yule kijana wa tangi la maji alikuwa bado anauliza swali lile lile: uzito huu unapita wapi mpaka ardhini?

Novemba 1883, akiwa na miaka 31, alikabidhiwa kanisa la Sagrada Família, lililokuwa limeanzwa mwaka mmoja nyuma na msanifu mwingine. Alilifanyia kazi miaka 43. Mwaka 1909, kando ya kanisa hilo, alijenga shule ya watoto wa mafundi na wa jirani, kwa matofali membamba na paa la mawimbi, jengo rahisi sana ambalo nguvu yake inatokana na umbo lake. Tarehe 7 Juni 1926 aligongwa na tramu. Kwa kuwa mavazi yake yalikuwa makuukuu, watu walimdhania ombaomba, akapelekwa hospitali ya maskini, akafariki tarehe 10 Juni. Alizikwa katika kanisa alilokuwa akilijenga. Kati ya minara 18 iliyokusudiwa, aliuona mmoja tu umekamilika. Mwaka 1936 karakana yake ilichomwa na vielelezo vyake vikavunjwa vipande vipande. Waliobaki wakaviokota, wakaviunganisha, wakaendelea. Oktoba 2025 kanisa hilo lilipita urefu wa makanisa mengine yote duniani.

Na ile monasteri ya Poblet? Ribera alikuwa daktari wa upasuaji. Toda alikuwa balozi mdogo wa nchi yake, akafanya kazi hata China na Misri. Gaudí hakupata nafasi ya kurudi kwenye mradi wao. Lakini mwaka 1930, Toda akiwa mzee wa miaka 75, alishika uongozi wa kamati ya kuikarabati Poblet, akahamia huko huko kusimamia kazi. Watawa walirudi mwaka 1940. Toda alifariki mwaka uliofuata, akazikwa pale.

Sasa niseme ile sababu ya pili. Mwaka 1996, tukiwa Kidato cha Tatu, mimi na wenzangu wawili tulichora bwalo la shule yetu, kwa kuwa tulikuwa tukila tumesimama chini ya miembe, na mvua ikinyesha tunakimbia na sahani. Mwalimu wetu wa uchoraji wa kiufundi aliutazama mchoro, akauweka alama nyekundu mahali pa jiko, akatuuliza moshi utakwenda wapi. Tulikuwa tumeuelekeza wote ukumbini. Tuliufuta, tukachora tena mara tatu. Halafu ukaja mtihani, tukatawanyika. Mmoja wetu sasa ni daktari mkoani. Mwingine tulimzika miaka sita iliyopita, na wengi wenu mlikuwapo.

Mchoro ule ninao. Niliukuta katika sanduku la marehemu, mjane wake aliponipa vitabu vyake, na alama nyekundu ya mwalimu bado inaonekana. Mwaka jana nilipita shuleni kwa shughuli za kikazi, nikakuta vijana wangali wanakula chini ya miembe ile ile. Kwa hiyo, katika mkutano wetu wa mwaka huu, nitauleta mchoro huo mezani pamoja na makisio mapya ya gharama niliyoyafanya kwa bei za leo, na mchango wangu wa kwanza. Daktari amekwisha niahidi wake. Naomba kila mmoja aje na maoni yake, hasa juu ya jiko.