Elvis Presley: Alikulia kwenye umaskini, akaja kununua Cadillac 14 kwa siku moja

Tarehe 27 Julai 1975, Elvis Presley aliingia kwenye yadi ya magari mjini Memphis, Tennessee. Alipotoka alikuwa amenunua Cadillac 14. Bili ilifika kama dola 140,000.

Karibu zote hazikuwa za kwake. Aligawa kwa ndugu, marafiki na watu wanaomfanyia kazi.

Mmoja wa waliopata gari siku hiyo hakumfahamu kabisa. Ni mama mmoja Mweusi, mfanyakazi wa benki, aliyekuwa anapita zake nje ya yadi. Alisimama kuitazama limuzini ya Elvis iliyokuwa imepaki. Elvis akamfuata, akamuuliza kama ameipenda, kisha akamwambia hiyo ni yake mwenyewe ila atamnunulia nyingine. Akampeleka ndani achague. Alipojua siku yake ya kuzaliwa imekaribia, akamwongezea na hela ya nguo.

Ukiisikia stori hii haraka haraka unaweza kusema ni fujo ya mtu mwenye pesa. Lakini kwa Elvis, Cadillac haikuwa gari tu. Kuelewa hilo inabidi urudi nyuma kabisa, Mississippi, kwenye nyumba ya vyumba viwili.

Deni la dola 180

Elvis Aaron Presley alizaliwa 8 Januari 1935, mji mdogo wa Tupelo. Walikuwa mapacha, lakini mwenzake, Jesse Garon, alizaliwa akiwa ameshafariki. Elvis akabaki mtoto pekee wa Vernon na Gladys.

Nyumba waliyokaa Vernon aliijenga kwa mkopo wa dola 180. Mwaka 1937 aliuza nguruwe, akaona hela aliyoandikiwa kwenye hundi ni ndogo. Akaibadilisha hundi ile. Akakamatwa, akahukumiwa, na mwaka 1938 akapelekwa gereza la Parchman, ambako alikaa kama miezi 8.

Baba yuko ndani, deni halilipiki, nyumba ikaondoka. Gladys na mtoto wa miaka mitatu wakaanza kuishi kwa ndugu. Kuanzia hapo mama na mwana wakawa kitu kimoja. Familia ilihama hama kutoka nyumba moja ya kupanga hadi nyingine.

Novemba 1948 wakafunga virago kwenda Memphis. Waliishia kwenye Lauderdale Courts, majengo ya serikali kwa ajili ya familia za kipato cha chini. Elvis alimaliza shule ya Humes mwaka 1953, akapata kazi ya kuendesha lori la kampuni ya umeme.

Kwa nini Cadillac?

Marekani ya miaka ya 1950 ilikuwa na ngazi yake ya magari na kila mtu aliijua. Kampuni ya General Motors ilikuwa na chapa tano za magari madogo ya abiria. Chini kabisa ni Chevrolet, kisha Pontiac, Oldsmobile na Buick. Juu kabisa ni Cadillac. Ukipata kazi unaanza na Chevrolet. Ukipandishwa cheo unabadilisha gari, na mtaa mzima unajua.

Mwaka 1955 Chevrolet ya kawaida ya milango minne uliipata kwa chini ya dola 2,000. Cadillac Fleetwood Series 60 Special bei yake ya kuanzia ilikuwa kama dola 4,700.

Na ilikuwa gari kweli. Sedani ya milango minne yenye urefu wa karibu mita 5.8, wakati IST za mtaani hazifiki hata mita 4. Uzito unazidi tani 2. Injini ya silinda nane yenye nguvu farasi 250, gia otomatiki, kiti cha nyuma mtu mrefu ananyoosha miguu bila kugusa cha mbele, na yale mapezi ya nyuma kwenye taa ambayo Cadillac ilianza kuyaweka mwaka 1948.

Kwa kijana ambaye wazazi wake walinyang'anywa nyumba kwa deni la dola 180, gari hiyo ilikuwa na maana moja: tumetoka.

Ya kwanza iliteketea kwa moto

Julai 1954, Elvis alirekodi wimbo wa That's All Right kwenye studio ya Sun, Memphis. Redio zikaupiga, simu zikamiminika. Yeye, mpiga gitaa Scotty Moore na mpiga besi Bill Black wakaanza kuzunguka majimbo ya Kusini.

Hapo hakuna ndege wala basi la ziara. Ni gari, na barabara ya usiku kucha kutoka mji mmoja kwenda mwingine. Besi la Bill lilikuwa kubwa kuliko mtu, hivyo lilifungwa juu ya paa. Ndiyo maana wanamuziki wa enzi hizo walipenda sedani kubwa. Ilibeba watu, vyombo na mabegi, na ilikimbia mamia ya kilomita bila kumchosha mtu.

Kabla ya Cadillac Elvis alitumia Lincoln iliyotumika. Mapema mwaka 1955 akapata Cadillac yake ya kwanza, nayo mkononi, toleo la 1954, yenye rangi ya waridi na nyeupe.

Haikudumu. Juni 1955, wakiwa njiani karibu na mji wa Hope, Arkansas, ilishika moto upande wa tairi. Waliwahi kutoa vyombo. Elvis akabaki kando ya barabara akiangalia ndoto yake inaungua.

Mwezi mmoja baadaye akachukua nyingine, safari hii mpya: Fleetwood Series 60 ya 1955. Ilitoka yadi ikiwa ya bluu na paa jeusi. Elvis hakutaka bluu. Jirani mmoja fundi rangi akamchanganyia waridi ya kipekee na kuipiga gari nzima.

Halafu akampa mama yake.

Kulikuwa na tatizo moja: Gladys hakuwa na leseni na hakuwahi kuendesha gari. Haikujalisha. Elvis na wenzake waliitumia barabarani, ikapata hata ajali Septemba mwaka huo, ikatengenezwa. Lakini mwenyewe alijulikana ni nani. Ni gari ya mama.

Pesa inaingia, nyingine inapitia pembeni

Novemba 1955 kampuni ya RCA ilinunua mkataba wake kutoka Sun kwa dola 35,000, na yeye akapewa dola 5,000 juu yake. Wakati ule zilikuwa pesa nyingi ajabu kwa msanii wa miaka 20 ambaye nchi nzima ilikuwa bado haijamjua.

Mwaka 1956 ikamjua. Heartbreak Hotel ilishika namba moja, televisheni zikamgombea, wazazi na wachungaji wakalalamikia kiuno chake. Machi 1957, akiwa na miaka 22, alinunua jumba la Graceland nje kidogo ya Memphis kwa dola 102,500. Akawahamishia wazazi wake humo. Hakuna tena mtu wa kuwafukuza.

Lakini kuna upande ambao mashabiki wengi hupita haraka. That's All Right haukuwa wimbo wake. Ni wa Arthur Crudup, mwanamuziki Mweusi wa bluzi kutoka Mississippi hiyohiyo, aliyeurekodi mwaka 1946. Crudup alihangaika miaka na miaka kudai mirabaha yake, huku akiishi kwa kazi za kibarua. Alifariki 1974 bila kupata stahiki zake zote, mwaka mmoja tu kabla ya zile Cadillac 14.

Aliyezishika hela hizo siyo Elvis. Ni mfumo wa mikataba wa wakati ule. Ila ukweli unabaki kwamba mlango uliomfungukia kijana Mweupe kutoka Tupelo ulikuwa mgumu sana kwa Mweusi aliyemtangulia.

Mama anaondoka

Machi 1958 Elvis aliingia jeshini. Akiwa bado mafunzoni Texas, Gladys akaugua. Elvis akaomba ruhusa, akarudi Memphis. Tarehe 14 Agosti 1958 mama yake akafariki, akiwa na miaka 46.

Waliomfahamu Elvis walisema kuna kitu kilikatika siku ile na hakikuunganika tena. Wiki chache baadaye akapelekwa Ujerumani kumalizia jeshi.

Magari mengine aliyauza, aliyagawa, aliyabadilisha kama mtu anavyobadilisha shati. Cadillac ya waridi hakuiuza.

Kununua bila kupumzika

Aliporudi mwaka 1960 alizama kwenye sinema, filamu baada ya filamu. Mwaka 1967 akamuoa Priscilla, mwaka uliofuata akazaliwa binti yao, Lisa Marie. Mwisho wa 1968 kipindi chake cha televisheni kikamrudisha juu, kisha zikaja shoo za Las Vegas zilizojaza ukumbi usiku baada ya usiku.

Nyuma ya jukwaa hesabu zilikuwa haziendi vizuri. Meneja wake, Colonel Tom Parker, alikuwa anachukua asilimia 25 ya mapato. Kuanzia 1967 wakaanza kugawana nusu kwa nusu kwenye sehemu ya kazi zake. Mwaka 1973 wakaiuzia RCA haki za mirabaha ya nyimbo zote za nyuma kwa dola milioni 5.4. Ukitoa fungu la meneja na kodi, alichobaki nacho Elvis kilikuwa kidogo sana kwa msanii wa kiwango chake. Kuanzia hapo, kila santuri ya Heartbreak Hotel iliyouzwa haikumwingizia tena mrabaha wa msanii kutoka RCA.

Mwaka huohuo, Oktoba 1973, ndoa ikavunjika. Afya ikaanza kuyumba, dawa alizoandikiwa na madaktari zikawa nyingi, mwili ukaongezeka. Na kadiri mambo yalivyozidi kuwa magumu, ndivyo alivyozidi kununua magari.

Januari 1976, akiwa mapumzikoni Colorado, aliwanunulia magari ya kifahari askari polisi wa Denver aliokuwa amefanya nao urafiki. Mtangazaji mmoja wa televisheni akatania hewani kwamba na yeye angependa kupata moja. Elvis aliyasikia. Gari ikamfikia.

Mzee Vernon, ambaye ndiye alisimamia matumizi ya nyumbani, alikuwa anashika kichwa. Yeye aliwahi kwenda jela kwa ajili ya bei ya nguruwe mmoja. Sasa mwanawe anagawa magari kama pipi, na bili zote zinapita mezani kwake.

Ukitazama vizuri, Elvis alikuwa anarudia tendo lilelile la mwaka 1955. Siku ile alimpa mtu anayempenda gari, na akauona uso wake ukibadilika. Miaka 20 baadaye mama hayupo, mke kaondoka, na nyumba imejaa watu wengi ambao wako kwenye orodha yake ya mishahara. Kwenye yadi ya magari, kwa dakika chache, aliweza kuipata furaha ile tena, hata kutoka kwa mtu asiyemjua.

Msafara wa mwisho

Usiku wa kuamkia 16 Agosti 1977, Elvis alirudi Graceland akitokea kwa daktari wa meno, yeye mwenyewe akiwa kwenye usukani. Shabiki aliyekuwa getini akapiga picha. Mchana wa siku hiyo alikutwa ameanguka bafuni. Alikuwa na miaka 42, na miaka 19 ilikuwa imepita tangu mazishi ya Gladys, karibu tarehe zilezile.

Tarehe 18 Agosti maelfu ya watu walijipanga kando ya barabara Memphis. Jeneza lilibebwa na Cadillac nyeupe, na nyuma yake ukafuata msururu wa limuzini nyeupe za Cadillac. Alizikwa jirani na mama yake. Oktoba mwaka huohuo miili yote miwili ikahamishiwa kwenye bustani ya Graceland.

Tangu Juni 1982 jumba hilo liko wazi kwa watalii. Wanaofika huoneshwa vyumba, mavazi ya jukwaani, santuri za dhahabu, na magari.

Kati ya magari hayo ipo Fleetwood ya 1955, ya waridi yenye paa jeupe. Imekaa zaidi ya nusu karne kwa familia ileile. Imebeba wanamuziki, imepata ajali, imepigwa rangi upya, imezunguka majimbo.

Mwenyewe hakuiendesha hata siku moja.