Kazimierz Nowak, Mpolandi aliyevuka Afrika mara mbili

Mwezi Novemba 1931, mwanaume mmoja mwenye umri wa miaka 34 aliaga mke na watoto wake wawili huko Polandi. Alikuwa na baiskeli iliyokwisha kutumika miaka mingi, kamera, na pesa kidogo sana. Jina lake ni Kazimierz Nowak. Alirudi nyumbani baada ya miaka mitano.

Nowak alizaliwa mwaka 1897 katika mji wa Stryj, ambao leo uko Ukraine. Kazi ilipokosekana, alianza kuzunguka Ulaya kwa baiskeli na kuuzia magazeti picha na habari. Afrika nayo ilikuwa njia ya kutafutia familia chakula: kila habari iliyochapishwa ilimletea mkewe Maria pesa kidogo.

Safari ilianzia Tripoli, nchini Libya, iliyotawaliwa wakati huo na Italia. Huko jangwani alikutana na adui wa kwanza, upepo. Gibli hutoka kusini ukiwa wa moto na mkavu, ukibeba vumbi linaloziba macho na pua. Kwa mwenye baiskeli, upepo wa mbele ni kama mlima usio na kilele. Pale mchanga ulipofunika njia, Nowak alishuka na kusukuma baiskeli kwa miguu. Hakuwa na gari la kumfuata wala mtu wa kumsaidia.

Kutoka Libya alipita Misri na Sudan, akaingia mashariki mwa Kongo, kisha Rwanda na Burundi. Mwaka 1934 alifika rasi ya Agulhas, ncha ya kusini kabisa ya Afrika. Wengi wangepanda meli hapo. Yeye aligeuka na kuanza kurudi kaskazini.

Baiskeli iliharibika katika Namibia ya leo, akaendelea kwa farasi. Baadaye alishuka mto Kasai kwa mtumbwi hadi Léopoldville, Kinshasa ya leo. Sahara aliivuka kwa ngamia, na kilomita za mwisho akazimaliza tena kwa baiskeli. Novemba 1936 alifika Algiers, akiwa amesafiri karibu kilomita 40.000.

Katika maandishi yake hakuficha namna wakoloni walivyowatendea Waafrika, jambo ambalo wasafiri wengi wa wakati ule walilinyamazia.

Lakini malaria ilikuwa imemmaliza nguvu. Tarehe 13 Oktoba 1937, hata mwaka haujatimia tangu arudi, alikufa mjini Poznań kwa ugonjwa wa mapafu. Alikuwa na miaka 40.

Jina lake lilisahaulika kwa muda mrefu. Mwaka 2000 habari zake zilikusanywa katika kitabu, na mwaka 2006 bamba la kumkumbuka likawekwa katika stesheni ya treni ya Poznań.