Eric Hosking: Mpiga picha aliyepofuliwa na bundi

Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, bundi akilia juu ya paa watu husema ameleta habari ya msiba. Eric Hosking, mpiga picha Mwingereza, alikuwa na sababu ya kweli ya kumwogopa ndege huyo, lakini alitumia sehemu kubwa ya maisha yake akimfuata gizani.

Hosking alizaliwa London mwaka 1909. Alianza kupiga picha za ndege tangu utotoni, na akiwa kijana akaamua kuifanya kazi hiyo kuwa riziki yake, wakati ambapo ni wachache mno walioweza kuishi kwayo.

Mwezi Mei mwaka 1937 alikuwa Wales, ambako alijenga maficho juu, karibu na kiota cha bundi wenye makinda. Usiku mmoja, alipokuwa akipanda kuyaendea maficho hayo, bundi alimshambulia usoni. Manyoya ya bundi ni laini na kingo zake huvunja mvumo wa upepo, hivyo huruka kimya. Ukucha ulizama katika jicho la kushoto.

Jeraha liliingia uambukizo, na wakati huo penisilini ilikuwa bado haijaanza kutumika hospitalini. Ilihofiwa kwamba jicho la kulia nalo lingepofuka. Hosking, mwenye umri wa miaka 27 na ambaye kazi yake ilitegemea macho, alikubali jicho la kushoto litolewe.

Wengi walidhani huo ndio mwisho wake. Lakini hakumlaumu bundi, kwa kuwa ndege huyo alikuwa akiwalinda watoto wake. Alirudi porini usiku, akaendelea kuwapiga picha bundi.

Tatizo lililobaki lilikuwa la mwanga. Flashi za zamani ziliwaka kwa muda mrefu mno, na mabawa yakatoka kama ukungu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Hosking alikuwa miongoni mwa wa kwanza kutumia flashi ya umeme kwa ndege, inayowaka kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Alitumia pia mwali wa nuru uliotegwa njiani: ndege alipoukata, kamera ilifyatuka yenyewe.

Mwaka 1948 alipata picha yake mashuhuri kuliko zote: bundi mweupe aliyetanua mabawa, windo likining'inia mdomoni, kila unyoya ukionekana wazi.

Mwaka 1970 alichapisha kitabu cha maisha yake, ambacho jina lake kwa Kiswahili lingekuwa Jicho kwa Ndege. Jina hilo lina maana mbili: kipaji cha kuwatambua ndege, na gharama aliyoilipa.

Alitunukiwa nishani ya OBE mwaka 1977, na akafariki dunia mwaka 1991 akiwa na umri wa miaka 81. Picha zake nyingi za bundi zilipigwa baada ya kupoteza jicho lile.