Hayati Edward Sokoine na Ulinzi wa Mali ya Umma

Safari hii tunatazama maisha ya mtu ambaye jina lake lingali hutajwa kila panapozungumzwa wizi wa mali ya umma katika nchi yetu. Huyo ni hayati Edward Moringe Sokoine, aliyekuwa Waziri Mkuu mara mbili. Hakuwa mtu wa pwani, wala hatumtaji kwa kuwa alizaliwa karibu nasi. Tunamtaja kwa sababu maisha yake yana funzo kwa watu wa Kibiti na wa visiwa vya delta ya Rufiji.

Sokoine alizaliwa Monduli, katika nchi ya Wamaasai, tarehe 1 Agosti 1938. Alisoma Monduli, kisha Umbwe huko Kilimanjaro. Mwaka 1961, mwaka wa Uhuru, alijiunga na TANU. Baadaye alikwenda Ujerumani Magharibi kujifunza kazi ya utawala, na aliporudi alitumikia watu wa kwao. Mwaka 1965 alichaguliwa kuwa Mbunge. Miaka miwili baadaye akawa Naibu Waziri, na mwaka 1972 akawa Waziri wa Ulinzi. Mwezi Februari 1977 Mwalimu Nyerere alimteua kuwa Waziri Mkuu, kazi aliyoifanya hadi mwaka 1980.

Alikulia katika uongozi wakati wa Azimio la Arusha la mwaka 1967. Azimio lile liliweka miiko: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa katika makampuni, asiwe na nyumba za kupangisha. Maana yake ni kwamba wananchi wana haki ya kuuliza mali ya kiongozi imetoka wapi. Sokoine alijulikana kuwa mchapakazi na mtu asiyependa makuu, naye aliwadai wengine kile alichojidai mwenyewe.

Alirudishwa katika uwaziri mkuu tarehe 24 Februari 1983, wakati mgumu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, vita vya Kagera vilikuwa vimekula fedha nyingi, na mafuta ya petroli yalikuwa ghali. Wazee wetu hawajasahau siku zile. Sabuni, sukari, mafuta ya taa na kitenge vilikuwa adimu. Watu walipanga foleni tangu alfajiri, na huku bidhaa zilezile zikiuzwa kwa mlango wa nyuma kwa bei ya kulangua. Bidhaa zilizopaswa kufika katika duka la kijiji zilipotelea njiani, na karatasi zikaonyesha kuwa zimefika.

Mwezi Machi 1983 Serikali ilianza msako mkubwa wa walanguzi na wahujumu uchumi, na Sokoine ndiye aliyeusimamia. Maghala yalifunguliwa, na wenye mali wakatakiwa kueleza wameipataje. Wako waliotupa bidhaa usiku ili wasikutwe nazo. Watu wengi wa kawaida walifurahi, maana waliona kwamba safari hii hata mwenye cheo na fedha anaweza kuulizwa.

Lakini haifai kumsifu marehemu kwa kuficha upande wa pili. Sheria ya Uhujumu Uchumi ya mwaka 1983 ilikuwa kali kupita kiasi. Mshtakiwa hakupewa dhamana wala wakili, na aliyehukumiwa na baraza lile maalumu hakuwa na mahakama ya kukatia rufani. Wako waliokamatwa kwa vitu vidogo, na wako walioteseka kwa fitina za majirani. Mwaka 1984 sheria ile ilifutwa, ikawekwa nyingine iliyozirudisha kesi hizo mbele ya Mahakama Kuu. Ilionekana wazi kwamba anayelinda haki ya wote asimnyime haki mtu mmoja.

Sokoine hakuishi kuona matunda yote ya kazi yake. Tarehe 12 Aprili 1984, akitoka Bungeni Dodoma kwenda Dar es Salaam, alifariki katika ajali ya gari huko Dakawa, Morogoro. Alikuwa na umri wa miaka 45. Nchi nzima ililia, naye akazikwa kwao Monduli. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Morogoro kinaitwa kwa jina lake.

Je, sisi tunajifunza nini? Msako humkamata mwizi baada ya mali kwisha kuibwa. Kinachomzuia asiibe ni daftari lililo wazi na watu wanaolisoma. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Halmashauri za wilaya zilifutwa mwaka 1972, na vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa mwaka 1976. Kwa hiyo wakulima walikosa mahali pa kukaa na kuuliza hesabu zao. Sheria za mwaka 1982 ndizo zilizoanza kuvirudisha. Leo yuko Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye taarifa zake hufikishwa Bungeni kila mwaka. Iko pia TAKUKURU, iliyoanza mwaka 1975 kama kikosi kidogo cha kuzuia rushwa.

Lakini mkaguzi hafiki Mbwera wala Salale kila mwezi. Kule huendwa kwa mashua, na mashua hungoja maji yajae. Fedha za bati za darasa, za dawa za zahanati au za kisima zikiliwa kijijini, mtu wa kwanza anayeweza kujua ni mwanakijiji mwenyewe. Yeye anaona kama bati zimefika au hazikufika. Kwa sababu hiyo mkutano mkuu wa kijiji si mahali pa kupigia makofi tu. Ni mahali pa kusomewa mapato na matumizi, na kuuliza bila woga na bila matusi: kiasi gani kiliingia, kiasi gani kilitoka, na stakabadhi ziko wapi.

Katika mtaa wetu nako ni vivyo hivyo. Sadaka ihesabiwe na watu wawili au zaidi, iandikwe papo hapo, na hesabu isomwe mbele ya wote. Mtunza hazina mwaminifu haoni kwamba ametukanwa anapoulizwa. Hufurahi, kwa kuwa daftari lililo wazi ndilo linalomlinda na maneno ya watu.

Sokoine aliibeba kazi hii akiwa juu, na mara nyingine ilionekana kana kwamba aliibeba peke yake. Haikupasa kuwa hivyo. Kazi ya kulinda mali ya wote ikiachiwa mtu mmoja, hata awe hodari namna gani, siku atakapoondoka mali itabaki bila mlinzi.