Samora wa Nachingwea: presha ya kileleni hakuibeba peke yake

Mashabiki tunawajua hawa. Straika anafunga, anapanda, jina lake linaimbwa jukwaa zima. Zinapita mechi nne bila bao, kichwa kinajaa, usingizi unakata. Sisi tunasema kashuka kiwango, basi.

Leo tuache kidogo Namungo na ligi, tumzungumzie mtu ambaye wazee wa Mtua na Nachingwea yote wanamfahamu vizuri: Samora Machel.

Alizaliwa Septemba 29, 1933 huko Chilembene, kusini mwa Msumbiji. Akasomea uuguzi, akafanya kazi hospitali. Mwaka 1963 akatoroka Wareno, akaja Tanzania kujiunga na FRELIMO, kisha akaenda Algeria kwa mafunzo ya kijeshi. Oktoba 1966 kamanda Filipe Magaia aliuawa, Samora akakabidhiwa jeshi. Alikuwa na miaka 33, na kambi yake kubwa ya mafunzo ilikuwa hapa Nachingwea.

Sasa hesabu presha. Februari 3, 1969 bosi wake, Eduardo Mondlane, anauawa kwa bomu Dar es Salaam. Mei 1970 Samora anakuwa rais wa FRELIMO. Julai tu, Wareno wanaanzisha mashambulizi makubwa kaskazini mwa Msumbiji. Aprili 7, 1971 mkewe, Josina, mpiganaji mwenzake, anafariki Dar es Salaam akiwa na miaka 25, anaacha mtoto ambaye hajafikisha hata miaka miwili.

Mzigo huo ungemvunja yeyote. Lakini angalia maisha yake yalivyokuwa.

Kwanza, jembe. Kambi za FRELIMO hazikuwa za bunduki tu. Watu walisoma, walilima, na viongozi nao walishika jembe. Kila siku ilikuwa na ratiba yake na wenzako wa kufanya nao kazi.

Pili, wimbo. Samora alikuwa na kawaida ya kuanzisha wimbo mbele ya watu kabla hajahutubia, na umati ukaitikia. Alibaki nayo hata alipokuwa rais wa nchi.

Tatu, hakuficha msiba. Alimwandikia Josina shairi, na Aprili 7 ikawa siku ya wanawake wa Msumbiji. Kamanda mzima aliomboleza bila aibu.

Mei 1975 alivuka kutoka Tanzania na kushuka Msumbiji nzima hadi Maputo. Juni 25 akatangaza uhuru. Unajua wapi? Machava, uwanja wa mpira!

Alifariki Oktoba 19, 1986 kwa ajali ya ndege huko Mbuzini, Afrika Kusini, akiwa na miaka 53.

Wachezaji wetu nao wanahitaji hayo matatu: kazi nyingine ya mikono nje ya mpira, watu wa kuwa nao, na ruhusa ya kusema inauma. Klabu nyingi zina daktari wa goti. Wa kumuuliza kijana amelalaje baada ya kukosa penalti, ni nani?

Na sisi wa jukwaani tuna kazi yetu. Siku straika akipaisha penalti pale Uwanja wa Majaliwa, Ruangwa, kabla hujamzomea, anzisha wimbo. Wenzako wataitikia.